Miamba Iliyokunjamana Karibu na Goma

Miamba yenye tabaka hukunjamana inapobanwa polepole, ikiwa ndani kabisa ya ardhi kwenye joto kali. Goma mjini hakuna la kuona upande huo. Mawe meusi ya kuta na barabara ni lava ya Nyiragongo, volkano ambayo lava yake iliingia hadi katikati ya mji mwaka 2002; ni machanga mno, tena yametoka mahali ambapo ganda la dunia linavutwa na kupasuka.

Mikunjo itafutwe kwenye miamba ya kale: milima ya Masisi inayoinuka juu ya Sake, mwendo wa kilomita 25 hivi magharibi mwa Goma, na kisiwa cha Idjwi, kinachofikika kwa boti. Asili ya miamba hiyo ni matope na mchanga uliotuama, ukazikwa, kisha ukabanwa sana miaka ipatayo bilioni 1 iliyopita. Ukanda huo mkongwe huendelea Rwanda, Burundi hadi Karagwe, Tanzania.

Mchanga uliogeuka kuwa mwamba mgumu haukubali kufinyika. Hupanda na kushuka kwa mawimbi, na tabaka likiwa nene, mawimbi huwa mapana. Matope yaliyogeuka shisti hutiririka taratibu: hukonda ubavuni mwa mkunjo na kunenepa kwenye kona yake. Tabaka hizohizo zikibanwa karibu na uso wa ardhi, kwenye baridi, hukatika.

Upinde mzima hauonekani mara nyingi, kwa kuwa mmomonyoko na mashamba vimeuficha. Mahali pazuri ni palipochongwa ili kupitisha barabara, asubuhi, jua likimulika kwa ubavu. Njia ya uhakika ni kulinganisha mielekeo: tabaka za sehemu mbili zikiinamiana, katikati pana bonde la mkunjo, zikipeana mgongo, pana kilele chake. Kupima huku, hata kwa dira ya kawaida, kunafundisha kuliko picha yoyote.

Juni hadi Agosti njia huwa kavu. Masisi imepitia mapigano mengi, hivyo hali ya barabara iulizwe siku hiyohiyo, na machimbo ya koltani yaepukwe. Kati ya Goma na Sake, mgeni asishuke kwenye mashimo na mabonde madogo bila mwenyeji: humo hutuama mazuku, hewa ya kaboni dioksidi isiyoonekana, nayo huua.