Je, Ustadi wa Michezo Hufundishwa?

Muhula huu Chama cha Majadiliano cha shule yetu kilipewa hoja hii: "Ustadi wa michezo hutokana na uzoefu, haufundishwi." Mimi nilisema upande wa kupinga, nasi tulishindwa kwa kura nyingi. Lakini dakika tano ni chache kwa jambo kama hili, na kwa kuwa Mhariri amenipa nafasi, nitayaeleza hapa yale ambayo kengele ilinizuia kuyamaliza.

Waliounga mkono hoja walikuwa na neno zito. Walisema: watazameni vijana wa Bariadi, Itilima na Meatu. Tangu utoto huchunga ng'ombe mbugani, hukimbia kutwa kuwarudisha wanaopotea, wala hakuna aliyewafundisha kukimbia. Kisha wakamtaja Filbert Bayi, mwenyeji wa Karatu, ambaye tarehe 2 Februari 1974, katika Michezo ya Jumuiya ya Madola mjini Christchurch, New Zealand, alikimbia mita 1500 kwa dakika 3 na sekunde 32.2 akavunja rekodi ya dunia. Makofi yakapigwa sana.

Basi mimi nauliza: wachungaji ni maelfu, mbona Bayi ni mmoja? Siku ile alitangulia tangu mwanzo, akawaacha wengine wamfukuze, na hata John Walker wa New Zealand, ambaye naye alipita chini ya rekodi ya zamani, hakumfikia. Kukimbia namna hiyo si kukimbiza ndama. Anayetangulia hana budi kujua kila mzunguko aukimbie kwa sekunde ngapi. Akizidisha ataishiwa nguvu njiani, akipunguza atapitwa. Ng'ombe hafundishi mtu kuhesabu sekunde.

Jirani yetu wa Mkoa wa Mara, Suleiman Nyambui, alikwenda kusoma katika Chuo Kikuu cha Texas huko El Paso, Marekani, na akiwa mwanafunzi wa huko alipata medali ya fedha ya mita 5000 mjini Moscow mwaka 1980. Mbio alikuwa nazo kabla ya safari, hapana shaka. Lakini chuoni alikuwa na mwalimu na ratiba, na wenzake wa kushindana nao kila siku.

Mfano ulionifurahisha zaidi ni wa Kenya. Mwaka 1976 Bruda Colm O'Connell alitoka Ireland akaja kufundisha jiografia katika shule ya St Patrick's, Iten. Hakuwa mkimbiaji, wala hakuwa amesomea ualimu wa riadha. Alijifunza kwa kuwatazama wanafunzi wake na kuwauliza. Peter Rono, mwanafunzi wa shule hiyo, alipata dhahabu ya mita 1500 katika Olimpiki ya Seoul mwaka 1988, na David Rudisha, aliyefundishwa na Bruda huyo, alikimbia mita 800 kwa dakika 1 na sekunde 40.91 mjini London mwaka 2012. Kama ustadi hutoka katika uzoefu peke yake, mwalimu huyu angewapa nini vijana waliozaliwa katika nchi ya milima na kukulia humo?

Sasa nije nyumbani, maana Usukuma ni nchi ya baiskeli. Kaka yangu, mtoto wa mama mkubwa, hubeba magunia ya mahindi na madumu ya maji kwenye keria tangu akiwa na miaka kumi na miwili. Miguu yake ni kama mihimili ya nyumba. Alipoingia mashindano ya kwanza, kijijini walidhani hana mpinzani. Alitangulia mbele ya kundi, akakata upepo peke yake safari nzima, na karibu na mwisho wakampita watu saba waliokuwa wamejificha nyuma yake. Fundi mmoja wa baiskeli, mzee aliyewahi kushindana, akamwambia, "Kijana, umewabeba wale kama ulivyozoea kubeba magunia." Kisha akamweleza: anayekaa karibu na gurudumu la mwenzake huokoa karibu robo ya nguvu zake, kwa sababu aliye mbele ndiye anayepasua upepo.

Maneno hayo yalichukua dakika moja. Kuyatenda kulichukua miezi minne. Kukaa nyuma ya gurudumu kwa umbali wa hatua moja, katika mwendo mkali na barabara ya vumbi, kunatisha. Ukigusa tu mmeanguka wote. Kaka yangu alifanya mazoezi na rafiki yake kila jioni, na mara ya pili akawa wa tatu. Hapo ndipo ninaposhika mimi: uzoefu wa miaka yote ile ulimpa miguu, lakini usingemwonyesha kamwe jambo la kufanyia mazoezi. Naye mzee angemweleza mtu asiye na miguu ile mpaka usiku, bila faida.

Sisemi haya kwa ajili ya kubishana tu. Hapa shuleni wakimbiaji huchaguliwa kwa mbio moja tu mwanzoni mwa mwaka. Aliyeshinda huingia timu ya kwenda UMISSETA. Aliyeshindwa hafundishwi tena. Yuko mdogo wetu wa kidato cha kwanza, mtoto wa mjini, hajachunga hata mbuzi. Alikuwa wa mwisho, akachekwa, na tangu siku ile jioni zake huzimalizia chini ya mwarobaini na kitabu. Je, ni nani aliyepima kama anafundishika?

Tazameni kupokezana vijiti. Hakuna mtoto anayezaliwa akijua, wala hakuna mbuga inayofundisha. Kijiti lazima kibadilishwe ndani ya mita 30, huku anayepokea ameanza kukimbia wala hatazami nyuma. Mwaka jana bweni letu lilikuwa na wakimbiaji wa kawaida, lakini tulipokezana kila jioni kwa majuma matatu, tukawapita wenye mbio kuliko sisi, maana wao walisimama kungojeana.

Kiranja wa michezo amekubali kutupa upande wa kusini wa uwanja kila Jumanne, saa kumi hadi saa kumi na moja na nusu. Vijiti viwili tumekwisha kuvichonga. Wanafunzi wa kidato cha kwanza wanaotaka kujaribu waje, hasa wale walioachwa. Na yule wa chini ya mwarobaini nimemwambia mwenyewe, akasema atafikiri.