Mtoto Akianguka na Kugonga Kidevu



Mwezi huu tujifunze juu ya taya la chini. Mtazameni mtoto mchanga: kidevu chake ni kidogo na kimerudi nyuma. Taya lake lina vipande 2, ambavyo huungana katikati ya kidevu katika mwaka wa kwanza. Kisha taya huendelea kukua. Kidevu husogea mbele na chini, meno hupata nafasi, na uso wa kitoto hugeuka kuwa wa mtu mzima. Kazi hiyo huendelea hadi mwishoni mwa ujana.

Sehemu muhimu ya ukuaji huo ni kiungo cha taya, mbele kidogo ya sikio. Weka kidole hapo na ufungue kinywa, utakisikia kikicheza.

Mtoto akianguka kutoka mwembeni na kugonga kidevu, kishindo hufika mpaka kwenye kiungo hicho. Sisi wauguzi hushona kidonda cha kidevu, kikapona, na mama akashukuru. Lakini kama mfupa ulivunjika karibu na sikio, kiungo chaweza kuganda polepole. Mtoto hushindwa kufungua kinywa, na taya haliendelei kukua vizuri. Ukiumia upande mmoja, kidevu huelekea upande huo. Zikiumia pande zote 2, kidevu hubaki nyuma, naye mtoto hukoroma na kupumua kwa shida usingizini. Huo si uchawi wala laana ya ukoo.

Basi tufanye nini?

1. Mtoto aliyegonga kidevu apelekwe hospitali, hata kama kidonda ni kidogo, hasa akiumwa mbele ya sikio au meno yasipokutana kama zamani.

2. Tusimfunge taya kwa kitambaa. Apewe uji na vyakula laini, na afanye mazoezi ya kinywa atakayofundishwa.

3. Kwa miezi mingi baadaye tumpime. Kwa kawaida vidole vyake 3 vilivyopangwa pamoja huingia kati ya meno ya juu na ya chini. Vikianza kuingia 2 tu, arudishwe mapema.

4. Usaha wa sikio utibiwe hadi uishe, kwani nao waweza kugandisha kiungo hicho.

Kiungo kikishaganda, tiba yake ni upasuaji katika hospitali kubwa. Kwa hiyo wazazi, kidonda kikishapona, tuendelee kuangalia kinywa.