Tufanye Mfano wa Ufuko wa Ras Kasone, 1914

Somo letu ni la mikono na hesabu. Tutafanya mfano mdogo wa ufuko wa Ras Kasone, Tanga, siku majeshi ya Waingereza yaliposhuka pale.

Kwanza habari yenyewe. Mwaka 1914 Tanga ilikuwa chini ya Wajerumani. Novemba 2 zilifika meli za Waingereza zenye watu wapatao 8,000, wengi wao Wahindi waliotoka Bombay Oktoba 16. Usiku ule wakaanza kushushwa kwa matishali, wakaingia majini kwa miguu, wakapanda genge lenye vichaka. Hadi Novemba 4 waliowakabili karibu na mji walikuwa kama 1,000 tu, wengi wao askari Waafrika, wakiongozwa na von Lettow-Vorbeck. Waingereza wakashindwa. Novemba 5 walirudi melini, wakaacha bunduki na risasi nyingi.

Sasa kipimo. Hapa ndipo wengi huharibu. Sisi tutasema sentimita 1 ni mita 1. Mtu wa mita 1 na sentimita 70 atakuwa na urefu wa sentimita 1 na milimita 7. Njiti moja ya kiberiti inatoa watu wawili. Mnazi wa mita 20 utakuwa sentimita 20. Chelewa inafaa sana. Je, meli ya vita Fox? Ilikuwa na urefu wa karibu mita 100. Ingekula ubao mzima! Basi meli tuiache, tufanye matishali.

Tafuta ubao wa sentimita 100 kwa 60. Upande mmja uwe bahari: paka rangi ya samawati. Upande wa pili jenga genge kwa udongo wa mfinyanzi uliochanganywa na majani makavu yaliyokatwakatwa, usipasuke. Weka tabaka jembamba, acha likauke kivulini, halafu ongeza lingine. Usiwe na haraka.

Ufukweni paka uji mzito wa muhogo, unyunyizie mchanga. Lakini uchekeche kwa kitambaa chepesi. Punje ya milimita 1 hapa inakuwa jiwe la sentimita 10! Mikoko ifanye kwa vijizizi vya nyasi, na vichaka viwe vingi hasa juu ya genge. Sasa inama, jicho lako liwe sawa na mtu wa njiti aliye mchangani. Unaona mji? Huoni kitu. Na wao hawakuona.

Jambo moja tusidanganye. Usipange askari wa Wajerumani ufukweni wakipiga risasi, hata kama inapendeza macho. Watu walishuka pale bila kuzuiwa. Mapigano yalikuwa mbele, karibu na mji. Nyuki nao, wanaosifiwa sana, walichokozwa na risasi huko huko Novemba 4, wakauma pande zote mbili. Si kweli kwamba walifunzwa na Wajerumani. Ufukweni weka watu waliochoka, masanduku, na tishali lililosimama kwenye maji mafupi.

Maswali

1. Tishali la mita 12 litakuwa na urefu gani kwenye mfano wetu?
2. Genge ukilikadiria mita 8, udongo uinuke sentimita ngapi?
3. Kutoka Kasone hadi mjini tukisema ni kilomita 3, ubao ungehitaji urefu wa mita ngapi?