Fahamu: Bei ya Mafuta Hupangwaje, na Mlanguzi Hufaidika Lini?

Kila tarehe 14 ya mwezi, Mamlaka ya Kudhibiti Kawi na Petroli (EPRA) hutangaza bei mpya za petroli, dizeli na mafuta ya taa. Bei hizo hutumika kuanzia tarehe 15 hadi tarehe 14 ya mwezi unaofuata. Kwa mkazi wa Kanyangi, tangazo hilo hugusa nauli ya bodaboda, gharama ya kusaga mahindi kwenye kinu cha dizeli na ya kusafirisha magunia ya ndengu hadi Kitui mjini.

Bei hupangwaje?

Utaratibu huu ulianza Desemba 2010. Hujumlishwa gharama ya mafuta yanayoingia kupitia Mombasa, thamani ya shilingi dhidi ya dola, ushuru, uchukuzi, pamoja na faida ya kampuni na vituo. Kwa sababu ya uchukuzi, bei ya Kitui si sawa na ya Mombasa. Bei inayotangazwa ni kikomo: kituo kinaweza kuuza chini yake, lakini si juu yake.

Ni nini kisichodhibitiwa hapa nchini?

Ni bei ya dunia. Katika masoko ya London na New York, mafuta huuzwa kwa mikataba ya miezi ijayo. Baadhi ya wanunuzi hawahitaji hata pipa moja. Wanangoja tu bei ibadilike wapate faida. Mwaka 2008, pipa lilifika dola 147 mwezi Julai, kisha likashuka chini ya dola 40 kufikia Desemba. Kenya haina uwezo wa kuzuia hilo.

Ulanguzi wa karibu

Unaoweza kuzuiwa ni ulanguzi wa kuficha mafuta. Tarehe 14 Aprili 2022, kikomo cha petroli jijini Nairobi kilipandishwa kwa Sh9.90 hadi Sh144.62 kwa lita. Kituo chenye lita 5,000 jioni hiyo kingeongeza Sh49,500 kwa kufunga pampu hadi bei mpya ianze. Fedha hizo zingetoka mfukoni mwa mnunuzi.

Majuma hayo, madereva walipanga foleni ndefu sehemu nyingi za nchi. Serikali ililaumu baadhi ya kampuni kwa kuficha mafuta. Kampuni nazo zilisema zilikuwa zinaidai serikali fedha za ruzuku. Funzo ni kwamba kikomo cha bei peke yake hakitoshi. Lazima mafuta yawepo, ruzuku ilipwe kwa wakati na vituo vikaguliwe, hasa siku chache kabla ya tarehe 14.

Mwananchi afanye nini?

• Alinganishe bei ya kituoni na kikomo kilichotangazwa na EPRA.
• Adai risiti. Malalamiko bila ushahidi ni vigumu kufuatiliwa.
• Akinyimwa mafuta kituoni bila sababu, aandike jina la kituo, tarehe na saa, kisha aripoti kwa EPRA, ambayo hutoa leseni na inaweza kuifuta.
• Akishuku kuwa lita haijatimia, aripoti kwa maafisa wa vipimo wa kaunti, ambao hukagua pampu na kuziwekea muhuri.
• Aepuke petroli ya chupa na mitungi sokoni. Muuzaji asiye na leseni hafuati kikomo, na moto ukizuka hasara ni ya kijiji kizima.