Mti Mmoja, Misimu Yote: Namna ya Kupiga Picha za Miti ya Gitega na Muyinga

Mafunzo mengi ya kupiga picha za miti yameandikwa na watu wa Ulaya, Marekani na Japani. Humwambia msomaji asubiri majani yageuke mekundu mwezi wa Oktoba, kisha asubiri theluji. Anayeishi Gitega au Muyinga, hapa Burundi, akiyafuata mafunzo hayo atasubiri mpaka achoke. Sisi tuko karibu na ikweta, na miti yetu mingi ina majani mwaka mzima.

Hata hivyo misimu tunayo, na kila mkulima anaijua kwa jina: Agatasi, mvua zinapoanza Septemba au Oktoba, Impeshi, kuanzia Februari hadi Mei au Juni, na Ici, kiangazi cha Juni hadi Agosti. Kutoka msimu mmoja hadi mwingine hubadilika hewa, mwanga, rangi ya udongo na maua. Mpiga picha akishajifunza kuyatazama hayo manne, hatatamani theluji ya mtu.

Ushauri wangu mkubwa ni mmoja: chagua mti mmoja ulio karibu na nyumbani, uurudie mwaka mzima. Anayezunguka kila wiki akitafuta mti mzuri zaidi hupata picha nyingi zisizojuana. Anayerudi kwa mti uleule hujua jua litaugusa upande gani, ukungu utaondoka saa ngapi, na ua la kwanza litatokea tawi lipi. Ujuzi huo haununuliwi pamoja na kamera.

Kuchagua mti

Mti unaofaa ni ule unaoweza kuufikia kwa miguu kabla ya shughuli za siku. Uwe na nafasi mbele yake ya kukuwezesha kurudi nyuma hadi uuone wote, kuanzia shina hadi kilele. Nyuma yake pawe na anga au mlima wa mbali. Nyaya za umeme na mabati yanayometa huiba jicho la mtazamaji, na ni kazi ngumu kuyaondoa baadaye.

Ukitaka mti unaobadilika waziwazi, tafuta umurinzi. Wakati wa kiangazi hupukutisha majani na kuchanua maua mekundu kwenye matawi matupu. Mjakaranda hutandaza zambarau yake kati ya Septemba na Oktoba. Umusave una maua ya njano, na umuvugangoma, ambao magogo yake huchongwa ngoma, una maua meupe. Umuvumu haubadiliki sana, lakini shina lake pana na mizizi yake hupendeza katika mwanga wa kila aina. Mahali pengine imivumu mikubwa ndiyo alama iliyobaki ya boma la kifalme la zamani, nao wazee wa hapo wanaweza kukupa historia yake.

Karibu kila mti wa milimani una mwenyewe. Piga hodi, salimia, mweleze mwenye shamba unachofanya, na mwonyeshe picha ya kwanza. Ukirudi mara ya pili utapokewa kama jirani. Gitega ni mji mkuu wa kisiasa tangu 2019, kwa hiyo usielekeze kamera kwenye kambi za askari, vizuizi vya barabarani au majengo ya serikali, hata kama mti mzuri umesimama mbele yake.

Ukishachagua, weka alama ya mahali pa kusimama: jiwe, kona ya ukuta, nguzo ya ua. Piga picha ya kwanza ukiwa hapo, simu ikiwa kwenye usawa wa kifua. Kila urudipo, fungua picha hiyo kwanza, kisha linganisha: mlima uko wapi kwenye fremu, shina limekaa kulia au kushoto. Picha zikilingana hivyo, atakayeziona zikiwa pamoja ataona msimu ukipita mbele yake.

Kalenda ya mwaka

Wakati wa Ici hewa hujaa vumbi na moshi wa majani yanayochomwa. Milima ya mbali hufifia. Wengi hufungia kamera ndani miezi hiyo, na ni makosa, kwa sababu vumbi hilo hilo hulainisha jua la asubuhi na la jioni na kulipa rangi ya chungwa. Simama jua likiwa nyuma ya mti, uufanye mti kuwa kivuli cheusi chenye umbo wazi. Milima inayofifia mmoja nyuma ya mwingine itaipa picha kina. Huu pia ni msimu wa kutazama matawi, magamba ya mikaratusi yanayobanduka, na maua ya umurinzi.

Agatasi ikianza, uwe tayari. Mvua za kwanza huosha hewa, na asubuhi inayofuata unaweza kuona milima ambayo hukuiona kwa miezi mitatu. Udongo mwekundu huiva rangi, mashina yaliyolowa huwa meusi, majani mapya hutoka. Mibuni ya Gitega na Muyinga huchanua maua meupe baada ya mvua kuvunja ukame, na maua hayo hudumu siku chache tu. Mwombe mkulima unayemfahamu akupigie simu siku shamba lake linapochanua, na siku hiyo usiahirishe.

Katikati ya mvua, mwezi wa Januari hivi, mara nyingi mvua hupungua kwa muda. Mawingu makubwa meupe hupita juu ya kijani kibichi. Ni wakati mzuri wa picha pana, zenye mti, shamba na anga.

Impeshi huleta mvua nyingi na ukungu wa asubuhi mabondeni. Panda kilimani kabla ya saa kumi na mbili asubuhi, usubiri ukungu uwe chini yako na vilele vya migrevilea vichomoze juu yake. Mvua nyingi hunyesha mchana na jioni, kwa hiyo asubuhi ndiyo yako. Radi ikianza kunguruma, ondoka chini ya mti mara moja na ushuke kutoka mahali pa juu. Milima yetu hupigwa radi sana, na hakuna picha inayostahili hatari hiyo.

Kulijua jua la kwetu

Karibu na ikweta jua huchomoza na kuzama upesi. Mwanga laini wa asubuhi haudumu: kufikia saa mbili na nusu jua limekwisha kuwa kali. Fika mapema, uwe umesimama mahali pako kabla halijatokeza.

Upande wa jua nao hubadilika. Kwa Gitega na Muyinga, tangu katikati ya Machi hadi mwanzoni mwa Oktoba jua la adhuhuri hupita upande wa kaskazini. Miezi mingine hupita upande wa kusini. Shina lenye mikunjo mizuri upande wa kaskazini litapata mwanga wa pembeni wakati wa Ici, na litakuwa kivulini Desemba. Zunguka mti wako kila mwezi, uone upande gani umefika zamu yake.

Mchana wa jua kali, acha picha pana. Ingia chini ya mti, elekeza kamera juu, na upige majani yanayopenywa na mwanga. Siku ya mawingu piga vitu vya karibu: gome, kuvu, mizizi, ua moja.

Ndani ya msitu

Msitu ni mgumu kuliko mti mmoja, kwa sababu kila kitu kinadai kutazamwa. Burundi ina hifadhi mbili kubwa za kufanyia kazi hii. Kibira, yenye takriban kilomita za mraba 400, ni msitu wa milimani unaoungana na Nyungwe ya Rwanda na kupanda hadi zaidi ya mita 2,600. Ruvubu, yenye takriban kilomita za mraba 500, ni nyika yenye miti, na misitu imeufuata mto; watu wa Muyinga wanayo karibu. Kwa zote mbili, omba ruhusa kwa OBPE, ofisi ya serikali ya kulinda mazingira, na utembee na mlinzi. Ruvubu ina nyati na viboko, na si wanyama wa kukutana nao ukiwa umeinamia kioo cha simu.

Kibira ipige siku ya mawingu au ukungu. Jua likiwaka, madoa ya mwanga na giza huichanganya kamera. Usilazimishe msitu wote uingie kwenye picha moja. Tafuta shina moja lenye kuvumwani, au vigogo vitatu vilivyopishana, au mwanzi uliopinda, kisha panga mengine kuzunguka kitu hicho. Acha anga nje ya fremu, maana kipande kidogo cheupe juu huharibu utulivu wa picha. Kwenye mashamba ya chai ya Teza na Rwegura unaweza kusimama nje na kupiga ukingo wa msitu, pale kijani cha chai kinapokutana na kijani kizito cha miti ya kale.

Ruvubu nenda mara mbili kama unaweza: Ici nyasi zikiwa kavu, na tena mvua za kwanza zikishachipua majani mapya. Piga kutoka mahali palepale.

Simu yako inatosha

Safisha kioo cha kamera kwa kitambaa laini cha pamba. Vumbi la Ici na jasho la mfukoni huleta utando. Gusa mti kwenye skrini, shikilia kidole hadi kamera itulie, kisha sogeza alama ya jua juu au chini. Kwenye ukungu, ongeza mwangaza kidogo, kwa maana kamera huona weupe na kuigeuza picha kuwa ya kijivu. Ndani ya msitu wenye giza fanya kinyume: punguza, ili kivuli kibaki kivuli. Usivute picha karibu kwa vidole, tembea.

Majani yaliyolowa humeta na kupoteza rangi. Kama una miwani ya jua ya aina ya polaraizi, weka kioo chake mbele ya kamera na ukizungushe taratibu. Katika pembe fulani mmeto utapungua na kijani kitarudi. Mwanga ukiwa hafifu, egemeza simu kwenye jiwe au tawi na utumie kipima muda, mkono usiitikise.

Kutunza ulichopiga

Picha isiyo na tarehe wala mahali hupoteza nusu ya thamani yake. Siku hiyo hiyo andika jina la mti, kilima, tarehe, saa na hali ya hewa. Hifadhi nakala nje ya simu, kwenye kadi au kompyuta. Ukimtumia mtu kwa WhatsApp, itume kama faili la hati, la sivyo itapunguzwa ubora.

Utunzaji huu una faida inayozidi uzuri. Mwaka 2018 serikali ilianzisha kampeni ya Ewe Burundi Urambaye ili kuivisha miti milima iliyobaki uchi. Miche hupandwa mbele ya watu wengi. Mitano au kumi kati yake ikifa kiangazi kinachofuata, wachache huona. Mtu aliyepiga kilima kilekile siku ya kupanda, Ici ya kwanza, na Agatasi ya mwaka wa pili, anaweza kuonyesha ni mingapi imeshika na wapi pa kupanda tena. Vivyo hivyo mti wa zamani ukikatwa kwa ajili ya mkaa au nyumba, picha zako zitawaambia watoto wa mtaa ulikuwaje.

Basi chapisha chache kila mwaka, moja kwa kila msimu, uzipeleke shuleni au kwa mwenye mti. Watoto wakiziona pamoja watauliza mti huo uko wapi. Wapeleke wakauone, na kila mmoja achague wake.