Kumchagua Mwongozaji wa Kuwinda Elki kwa Upinde

Swali: Mwindaji mgeni anayetaka kuwinda elki kwa upinde katika pori la Wyoming, Marekani, amchague vipi mwongozaji?

Jibu: Sheria ya Wyoming humtaka mwindaji asiye mkazi awe na mwongozaji mwenye leseni, au mkazi aliyepewa kibali, anapowinda wanyama wakubwa katika maeneo ya pori yaliyotengwa na serikali ya shirikisho, kwa hiyo leseni ndiyo ya kukaguliwa kwanza.

Hata hivyo, leseni haithibitishi ustadi wa upinde. Elki, mnyama wa jamii ya kulungu ambaye dume lake huweza kupita kilo 300, hupigwa kwa bunduki akiwa mbali, ilhali mwenye upinde hulazimika kumkaribia hadi mita 30 hivi bila kunuswa. Mwongozaji wa kweli ataeleza bila kusita jinsi hewa baridi ya alfajiri inavyoteremka bondeni na kugeuka kupanda jua linapoupasha mteremko. Ataeleza pia anaposimama akiigiza mlio wa elki mwezi Septemba, msimu wa kupandana, ambapo mara nyingi hubaki makumi ya mita nyuma ya mpigaji, ili dume anayeifuata sauti apite mbele ya mshale.

Suala linalosahaulika mno ni nyama, ambayo huharibika upesi katika joto la Septemba: mwongozaji asiye na farasi au nyumbu wa kutosha kuitoa porini mapema asilipwe amana, hata bei yake iwe nafuu kiasi gani.