Hamu ya Sigara Hudumu Dakika Chache Tu

Anayeacha sigara huteseka zaidi siku 3 za kwanza. Usingizi hupotea, hasira hupanda bila sababu, kichwa huuma. Si ugonjwa mpya. Ni mwili unaodai nikotini uliyoizoea. Wengi hurudia sigara hapo, wakidhani hali hiyo haitaisha. Kumbe kila hamu ikipanda hushuka yenyewe baada ya dakika chache, mtu avute asivute, na wiki zinavyopita huja kwa nadra.

Kazi basi ni kuzivuka dakika hizo. Hamu ina saa zake: baada ya chai, kwenye steji akingoja matatu, na hasa penye pombe au miraa. Wakati huo anywe maji, atafune njugu au aondoke alipo. Asitembee na kiberiti. Akikwepe pia kibanda kinachouza sigara moja moja, biashara ambayo Sheria ya Kudhibiti Tumbaku ya 2007 inaikataza lakini bado ipo.

Aliyeteleza siku moja hajashindwa. Aanze tena siku hiyo hiyo. Anayetaka ushauri apige simu 1192 ya NACADA, bila malipo.